Johnny Oduya: Beki mwenye asili ya Kenya aliyetwaa Kombe la Stanley mara mbili

KATIKA Pwani ya Kusini ya Kenya, kuanzia Diani hadi Msambweni, Shimoni na Vanga, barafu ina kazi inayofahamika na kila mtu. Hupondwa na kumwagwa juu ya samaki ili wasiharibike kabla ya kufika sokoni. Ni nadra joto la eneo hilo kushuka chini ya nyuzi 20, na mtoto wa Kwale anaweza kufika utu uzima bila kuona maji yakiganda penginepo isipokuwa ndani ya friji.

Hata hivyo, jina la Kikenya limechongwa mara mbili kwenye kombe maarufu kuliko yote katika mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Jina hilo ni la Johnny Oduya, mlinzi aliyezaliwa Stockholm, Uswidi, na baba Mkenya kutoka jamii ya Waluo na mama Mswidi. Alisakata mechi 850 za kawaida katika Ligi ya Taifa ya Hoki, NHL, inayoshirikisha timu za Marekani na Kanada na ambayo ndiyo ligi ngumu zaidi ya mchezo huo duniani.

Habari zake hazijulikani sana nchini Kenya. Sababu moja ni kwamba mchezo wenyewe ni mgeni. Sababu ya pili ni nafasi aliyocheza, kwa kuwa beki husifiwa kwa yale ambayo hayakutokea. Bao ambalo halikufungwa haliandikwi popote.

Mchezo wenyewe

Wakenya wengi wanaujua mpira wa magongo wa nyasini. Timu ya Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia mwaka 1971, na beki wake, Avtar Singh Sohal, alishiriki Michezo ya Olimpiki mara nne kuanzia 1960 hadi 1972. Hoki ya barafuni ni ndugu wa mchezo huo, lakini ina sheria na hatari zake.

Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26 hivi, nao umezungushiwa ukuta wa mbao na vioo. Kila timu huwa na watu sita uwanjani, yaani kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wote huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini yake, nao huteleza badala ya kukimbia. Badala ya mpira, wao hupiga kisahani cha raba ngumu chenye uzani wa gramu 170 hivi. Kisahani hicho hugandishwa kabla ya mechi kisidundedunde, na mkwaju mkali huweza kukirusha kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa.

Mechi huwa na vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja. Kazi huwa nzito kiasi kwamba mchezaji hukaa uwanjani kwa muda usiofika dakika moja, kisha hurudi benchi kupumua huku mwenzake akiruka ukuta kuingia. Mabadiliko hayo hufanyika wakati mchezo ukiendelea, na hayana kikomo.

Katika mpangilio huo, beki hutakiwa kufanya mambo manne. Kwanza, huteleza kinyumenyume akimkabili mshambuliaji anayemjia kwa kasi, bila kumpa njia ya katikati. Pili, huondoa kisahani mbele ya lango na kukitoa katika eneo la hatari kwa pasi safi. Tatu, hukinga mikwaju kwa mwili wake ili isimfikie kipa. Nne, huvumilia kugongwa ukutani na watu wazito kuliko yeye, kwa sababu sheria inaruhusu kumgonga mwenye kisahani.

Oduya hakuwa jitu. Alikuwa na urefu wa sentimita 183 na uzani wa kilo 86 hivi, kiwango cha wastani tu kwa mabeki wa zama zake. Silaha yake ilikuwa miguu. Aliteleza kwa wepesi, akageuka haraka, na mara nyingi alikifikia kisahani kabla ya mpinzani kupata nafasi ya kumgonga.

Ndugu wawili wa Stockholm

Oduya alizaliwa Oktoba 1, 1981. Hakuwa wa kwanza katika familia yake kuchukua gongo. Kaka yake mkubwa, Fredrik, pia alikuwa beki. Mwaka 1993 Fredrik alichaguliwa na klabu ya San Jose Sharks, akavuka bahari kwenda kutafuta riziki Amerika Kaskazini. Alifahamika kwa ubabe na kutoogopa kugongana, lakini alicheza katika ligi za chini bila kufika NHL.

Kwa mdogo wake, Fredrik alikuwa mfano na onyo kwa wakati mmoja. Alionyesha kwamba kijana mweusi wa Stockholm angeweza kuitwa na klabu za ng'ambo. Alionyesha pia kwamba kuitwa si kufika.

Johnny alikuzwa na klabu ya Hammarby ya jijini humo. Msimu wa 2000/2001 alikwenda Kanada kucheza katika ligi ya vijana ya Quebec, kwanza na Moncton Wildcats, kisha Victoriaville Tigres. Ligi hiyo ni mojawapo ya mashamba ambako klabu za NHL huvuna wachezaji wapya.

Chaguo la 221

Kila mwaka klabu za NHL hukutana na kuchagua chipukizi kwa zamu. Timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi ya kuchagua mapema. Kijana anayetajwa miongoni mwa wa kwanza huandaliwa mkataba mnono na kupigwa picha na magazeti. Anayetajwa mwishoni hupata jina lake kwenye orodha, basi.

Katika uteuzi wa mwaka 2001, wa kwanza kabisa kutajwa alikuwa mshambuliaji Mrusi, Ilya Kovalchuk, aliyechukuliwa na Atlanta Thrashers. Oduya alisubiri hadi raundi ya saba. Washington Capitals ndio waliomtaja, akiwa chaguo la 221. Klabu hiyo haikumpa nafasi ya kucheza katika kikosi chake.

Oduya alirudi nyumbani. Alicheza tena Hammarby, iliyokuwa katika daraja la pili, hadi mwaka 2003. Kisha alipanda kujiunga na Djurgården, klabu nyingine ya Stockholm iliyokuwa katika ligi kuu ya Uswidi, na kukaa huko misimu miwili. Msimu wa 2005/2006 alihamia Frölunda ya Gothenburg, ambayo ilifika fainali ya ligi kabla ya kushindwa na Färjestad.

Miaka hiyo mitano haina vichwa vya habari, lakini ndiyo iliyomjenga. Chambilecho wahenga, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Katika viwanja vya Uswidi, ambavyo ni vipana kuliko vya Marekani, beki asiyejua kuteleza huachwa wazi. Oduya alijifunza kusoma mchezo na kuchagua wakati wa kupanda na wakati wa kukaa. Julai 2006 klabu ya New Jersey Devils ilimsajili akiwa mchezaji huru. Alipovaa jezi ya NHL kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba mwaka huo, alikuwa ametimiza miaka 25, umri ambao wengi walioteuliwa pamoja naye tayari walikuwa wamefaulu au wamesahauliwa.

Mlinzi wa New Jersey

New Jersey ilikuwa mahali pazuri kwa mtu wa kazi yake. Klabu hiyo ilisifika kwa kujihami, na langoni alisimama Martin Brodeur, mmoja wa makipa bora katika historia ya mchezo huo. Katika msimu wake wa kwanza Oduya alicheza mechi 76 kati ya 82.

Msimu wa 2007/2008 ulionyesha thamani yake. Katika hoki kuna hesabu inayoitwa jumlisha na toa. Timu ikifunga bao mchezaji akiwa uwanjani, wachezaji wakiwa sawa kwa idadi, huongezewa moja. Timu ikifungwa, hupunguziwa moja. Oduya alimaliza msimu huo akiwa na ziada ya 27. Kwa maneno mengine, alipokuwa barafuni timu yake ilifunga mabao mengi kuliko iliyofungwa, ingawa yeye binafsi alifunga 6 pekee.

Msimu uliofuata alicheza mechi zote 82, akafunga mabao 7 na kutoa pasi 22 za mabao. Hiyo ndiyo idadi kubwa zaidi aliyowahi kufikisha katika msimu mmoja. Mwaka 2009 New Jersey ilimpa mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 10.5 za Marekani. Chaguo la 221 alikuwa amepata uthabiti. Au ndivyo ilivyoonekana.

Kubadilishwa na nyota

Katika michezo ya kulipwa ya Marekani, klabu zinaweza kubadilishana wachezaji bila kuwaomba ridhaa, isipokuwa pale mkataba unapokataza. Mchezaji huamka asubuhi akiwa wa mji mmoja na kulala akiwa wa mji mwingine. Mkataba wake humfuata kama mzigo ndani ya gari.

Februari 4, 2010, New Jersey iliamua kumchukua Kovalchuk kutoka Atlanta. Ili kumpata Mrusi huyo pamoja na beki Anssi Salmela, klabu hiyo ilitoa wachezaji Niclas Bergfors, Patrice Cormier na Johnny Oduya, pamoja na haki za uteuzi za raundi ya kwanza na ya pili. Chaguo la kwanza la mwaka 2001 lilikuwa limebadilishwa kwa chaguo la 221 na nyongeza.

Baadaye mwaka huo Kovalchuk alitia saini mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 100 na New Jersey. Alifika fainali ya mwaka 2012 na kushindwa na Los Angeles Kings. Mwaka 2013 aliondoka kurudi Urusi. Ingawa baadaye alitwaa dhahabu ya Olimpiki, Kombe la Stanley hakuwahi kulishika akiwa mshindi. Historia ina mizaha yake, kwani aliyekuwa sehemu ya malipo ndiye aliyelipata, tena mara mbili.

Mwezi huohuo wa Februari Oduya aliiwakilisha Uswidi katika Olimpiki ya Vancouver, ambako mabingwa hao watetezi walitolewa na Slovakia katika robo fainali.

Atlanta ilikuwa timu dhaifu, lakini ilikuwa na jambo moja lisilo la kawaida. NHL ni ligi ambayo mchezaji wake wa kwanza mweusi, Willie O'Ree, aliingia mwaka 1958 na Boston Bruins, na hata baada ya nusu karne weusi walikuwa wachache mno. Katika msimu wa 2010/2011, Oduya aliwakuta Evander Kane, Dustin Byfuglien na weusi wengine katika kikosi kimoja, ndani ya mji wenye idadi kubwa ya Wamarekani weusi. Haikudumu. Mei 2011 klabu hiyo iliuzwa na kuhamishiwa Winnipeg, Kanada, ikapewa jina la Jets. Wachezaji walihama nayo.

Msiba na safari ya Chicago

Mwaka huohuo wa 2011 familia ya Oduya ilipata pigo. Fredrik, yule kaka aliyemtangulia kuvuka bahari, alifariki katika ajali ya pikipiki akiwa na umri wa miaka 36. Kijana aliyetazama nyayo za kaka yake sasa alibaki kuendelea na safari peke yake.

Februari 27, 2012, alibadilishwa tena. Chicago Blackhawks ilimchukua kutoka Winnipeg kwa kutoa haki za uteuzi za raundi ya pili na ya tatu. Klabu hiyo ilikuwa na washambuliaji hodari, wakiwemo Jonathan Toews na Patrick Kane, na mabeki wawili wakuu, Duncan Keith na Brent Seabrook. Ilichokosa ni jozi ya pili ya kutegemewa.

Kocha Joel Quenneville alimpanga Oduya na Mswidi mwenzake, Niklas Hjalmarsson. Wawili hao walielewana haraka. Walitumwa kuwakabili washambuliaji hatari wa upande wa pili ili Keith na Seabrook wapate nafasi ya kusaidia mashambulizi. Katika lugha ya soka, walikuwa mabeki wa kati wanaobaki nyuma wenzao wakipanda.

Msimu wa 2012/2013 ulipunguzwa hadi mechi 48 kutokana na mgogoro wa mikataba kati ya wamiliki na wachezaji. Chicago ilianza kwa kucheza mechi 24 bila kushindwa ndani ya muda wa kawaida, rekodi iliyostaajabisha ligi nzima. Oduya hakukosa mechi hata moja ya msimu huo.

Fainali ya mwaka 2013

Kombe la Stanley lilitolewa mwaka 1892 na Lord Stanley, Gavana Mkuu wa Kanada wakati huo, na bingwa wa kwanza alitawazwa mwaka 1893. Tofauti na makombe mengi, majina ya wachezaji wa timu inayoshinda huchongwa kwenye pete za fedha zinazolizunguka. Ili kulipata, timu ya NHL hupitia raundi nne baada ya msimu wa kawaida. Kila raundi humalizika mmoja anaposhinda mechi nne. Kwa hivyo bingwa huhitaji ushindi mara 16.

Chicago iliwaondoa Minnesota, Detroit na Los Angeles, kisha ikakutana na Boston Bruins. Katika mechi ya kwanza ya fainali, Juni 12, 2013, Boston iliongoza 3-1 katika kipindi cha tatu. Chicago ilipata la pili. Kisha Oduya, ambaye mabao kwake yalikuwa nadra kama mvua ya Januari huko Kinango, alipiga mkwaju uliomgusa mpinzani na kutinga wavuni. Ikawa 3-3. Chicago ilishinda katika muda wa ziada wa tatu, baada ya zaidi ya dakika 112 za mchezo.

Mechi ya sita, Juni 24, iliingia katika kumbukumbu za mchezo huo. Boston iliongoza 2-1 huku ikibaki dakika moja na sekunde chache, na ilielekea kwamba mechi ya saba ingehitajika. Bryan Bickell akasawazisha. Sekunde 17 baadaye, Oduya alipiga kisahani kutoka mbali kuelekea langoni. Kiliguswa na Michael Frolik, kikagonga mlingoti, na Dave Bolland akakisukuma ndani. Chicago ikatwaa kombe kwa 3-2 mbele ya mashabiki wa Boston walioduwaa.

Bao hilo huitwa la Bolland, na ndivyo ilivyo haki. Lakini mwanzo wake ulikuwa gongo la beki.

Fedha ya Sochi, kombe la pili

Februari 2014 Oduya alirudi katika timu ya taifa ya Uswidi kwa Olimpiki ya Sochi, Urusi, akiwa pamoja na Hjalmarsson, Erik Karlsson na kipa Henrik Lundqvist. Uswidi ilifika fainali bila kushindwa. Februari 23 ilifungwa 3-0 na Kanada, na Oduya akavalishwa medali ya fedha.

Miezi michache baadaye Chicago ilikaribia kutetea kombe, ikatolewa na Los Angeles katika muda wa ziada wa mechi ya saba ya nusu fainali. Mwaka 2015 ilirejea. Safari hii mzigo wa mabeki ulikuwa mzito kupita kiasi. Michal Rozsival alipovunjika kifundo cha mguu katika raundi ya pili, kocha alipoteza imani na wale wa akiba na kuwategemea wanne tu: Keith, Seabrook, Hjalmarsson na Oduya. Keith alicheza wastani wa zaidi ya dakika 31 kwa mechi. Wengine watatu nao walifanya kazi ambayo kwa kawaida hugawiwa watu sita.

Wengi walitabiri kwamba wanne hao wangechoka, hasa walipokuwa nyuma 3-2 dhidi ya Anaheim katika fainali ya kanda ya Magharibi. Hawakuchoka. Chicago ilishinda mechi mbili za mwisho, kisha ikakutana na Tampa Bay Lightning, timu iliyokuwa imefunga mabao mengi kuliko zote msimu huo. Katika mechi tatu za mwisho za fainali, Tampa Bay ilipata mabao mawili pekee. Juni 15, 2015, Chicago ilishinda 2-0 na kutwaa ubingwa nyumbani kwake kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1938.

Miaka ya lala salama

Ushindi una gharama. NHL huweka kikomo cha fedha ambazo klabu inaweza kulipa mishahara, na timu inayoshinda hulazimika kuwaachia baadhi ya mashujaa wake. Julai 2015 Oduya alihamia Dallas Stars kwa mkataba wa miaka miwili wenye thamani ya dola milioni 7.5. Msimu wake wa kwanza huko, timu hiyo iliongoza kanda ya Magharibi.

Februari 2017 Chicago ilimrudisha, lakini nyakati zilikuwa zimebadilika. Timu ilitolewa na Nashville katika raundi ya kwanza bila kushinda hata mechi moja. Msimu wa 2017/2018 alijiunga na Ottawa Senators kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni moja. Februari 2018 klabu hiyo ilimweka katika orodha ya wanaoweza kuchukuliwa na yeyote, na Philadelphia Flyers ikamchukua. Huo ndio uliokuwa msimu wake wa mwisho katika NHL.

Kwa jumla alicheza misimu 12 katika klabu sita, au miji saba ukihesabu Atlanta na Winnipeg kando. Alifunga mabao 41 katika mechi 850 za kawaida, na kucheza zaidi ya mechi 100 za hatua ya mchujo. Yeyote anayempima kwa mabao atamwona wa kawaida. Anayeuliza ni mabeki wangapi waliaminiwa kuwakabili washambuliaji bora wa dunia katika fainali mbili, na kushinda zote mbili, atapata jibu jingine.

Suala la nchi

Swali ambalo Mkenya anaweza kuuliza ni kwa nini hakuichezea Kenya. Jibu ni jepesi. Alizaliwa na kukulia Uswidi, na Kenya haikuwa na timu ya hoki ya barafuni. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari jijini Nairobi ulifunguliwa mwaka 2005, wakati Oduya tayari alikuwa na umri wa miaka 23. Timu inayojulikana kama Kenya Ice Lions iliundwa baadaye kabisa, mwaka 2016. Mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada, wakateleza na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni.

Sheria nayo ilikuwa tofauti. Kabla ya Katiba ya mwaka 2010, Mkenya mtu mzima hakuruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Katiba hiyo ilibadilisha mambo kwa kutambua kuwa raia wa kuzaliwa kila ambaye mama au baba yake ni Mkenya, awe amezaliwa nchini au nje, na kuruhusu uraia pacha.

Jambo hili lina uzito wake katika Pwani ya Kusini. Kwa miongo mingi Diani imepokea wageni kutoka Ulaya, na kutokana na ndoa kati yao na wenyeji, wapo watoto wenye mzazi mmoja kutoka Ukunda au Msambweni wanaokua katika miji ya Ujerumani, Uswisi, Uingereza na kwingineko. Baadhi yao hucheza michezo ambayo babu na nyanya zao hawajapata kuiona. Michezo ya theluji imekwisha kuonyesha njia. Philip Boit alishiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 akiwa Mkenya wa kwanza katika michezo ya majira ya baridi, na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, aliiwakilisha nchi hii Pyeongchang mwaka 2018.

Iwapo mmoja wa watoto hao atateleza kwenye barafu na kutaka kuvaa jezi ya Kenya, leo sheria inamruhusu, na shirikisho la kumpokea lipo. Hayo mawili hayakuwepo Oduya alipokuwa kijana. Yeye alivaa rangi za nchi iliyomlea na kuitumikia kwa heshima, huku mgongoni akiwa amebeba jina la Kiluo ambalo watangazaji wa Chicago walijifunza kulitamka.

Jina hilo lipo hadi sasa kwenye kombe, katika orodha ya mabingwa wa 2013 na katika ile ya 2015. Pete zenye majina zinapojaa, ya zamani huondolewa na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho ya hoki mjini Toronto ili kupisha mpya. Itapita miaka mingi kabla ya zamu ya Oduya kufika.